Poda Niliyommwagia Binti wa Fundi

Kwa aliyekosa gazeti la juma lililopita, au aliyelitumia kufungia samaki wa ndagala kabla ya kufika kwenye ukurasa wangu, nafupisha.

Mimi ni Onesphore wa Kasenga, miaka sitini na saba, mstaafu wa bandari. Miaka thelathini nilipiga mihuri kwenye karatasi za magunia. Mtu anayepiga mhuri, watu hudhani amesoma, na mimi sikuwakatalia. Kifaransa changu nilijifunza kwenye makaratasi ya kufungia karanga, ndiyo sababu najua mwanzo wa habari nyingi sana na mwisho wa habari hata moja sijui.

Diploma yangu ya Serikali, cheti cha kumaliza sekondari, kama mnavyokumbuka, ilimezwa na kiboko.

Hadithi hiyo iliishi miaka arobaini, ikala, ikanenepa. Kwa ajili yake niliitwa kila mwaka kwenye salle, ukumbi wa parokia, kuwafundisha vijana wa darasa la mwisho namna ya kusoma, namna ya kutunza kichwa, namna ya kujilinda njiani. Nilifundisha bila aibu. Kisha akaja préfet mpya, mkuu wa shule, akataka niwe mwenyekiti wa kamati ya shule, akaniomba kopi ya diploma. Nikamsimulia kiboko tangu mkia hadi meno.

Akanisikiliza vizuri, akasema: “Papa, kiboko haina mhuri.”

Ndipo nikajiandikisha kwa siri kufanya mtihani wa Serikali, nikiwa autodidacte, yaani mtu aliyejisomea mwenyewe nje ya shule. Na kwa kuwa Uvira kila mtu ananijua, nikachagua kituo cha Luvungi, ambako hata mbuzi hawanijui.

Juma lililopita niliwaacha mbele ya lango la kituo, Jumatatu asubuhi: shati jeupe, suruali ya bluu kama mtoto wa shule, kalamu mbili na namba ya mtahiniwa mfukoni. Tuendelee.

Langoni alisimama mama mwenye orodha mkononi. Huyo ndiye Mama Blandine, mkuu wa kituo. Aliangalia mvi zangu, akaangalia shati langu lililopigwa pasi, akaficha orodha nyuma ya mgongo.

“Bonjour, Inspecteur. Tulikuwa tunakungoja tangu jana.”

Ningesema hapana. Hapana ni neno fupi, halichoshi mdomo. Lakini chini ya kibaraza kulikuwa na kiti chenye mto, na kando ya kiti kulikuwa na Fanta.

“Njia,” nikasema.

“Njia ya Kamanyola?”

“Njia yote.”

Akatikisa kichwa kwa huruma, akanikalisha. Nikajiambia: nitakunywa nusu, kisha nitamweleza. Nilipofika nusu nikaona iliyobaki ni kidogo mno kuiacha.

“Inspecteur, kila kitu iko sawa,” akasema. “Iko tu shida moja ya pupitre, madawati. Fundi alileta kumi na tano Jumamosi, siku ya posho. Zimebakia tano. Anasema atazileta yeye mwenyewe leo asubuhi.”

“Fundi gani huyo?”

“Wa Uvira, wa Kasenga. Donatien. Anasema kuko muzee mumoja mukubwa wa kule, njo alimupatisha hii kazi.”

Fanta ikapita njia isiyo yake. Nilikohoa mpaka Mama Blandine akanipiga mgongoni.

Mzee mkubwa wa kule nilikuwa mimi. Donatien ni jirani yangu, seremala, tunagawana ukuta. Mwezi uliopita nilijigamba kwake kwamba wakubwa wa kituo cha Luvungi ni watoto wangu wa zamani wa salle, aende tu aseme jina langu. Akaenda, akasema jina langu, hakuna aliyelijua, lakini pupitre zake zilikuwa nzuri, wakamnunulia. Nilikuwa nimejiuliza sana kama atanikuta huku. Aliporudi nyumbani siku ya posho nikamshukuru Mungu, nikajua njia ni safi. Hizo tano zilizobaki hakunitajia.

Wakati huo watoto walikuwa wamepanga mistari uani. Walinitazama na Fanta yangu kama wanavyotazamwa askari wa barabarani. Kando, kwenye mstari mfupi, walisimama autodidactes wenzangu: wafanyabiashara wawili, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na wengine. Wa mwisho alikuwa binti mwembamba aliyeinamisha kichwa.

Akakiinua.

Alikuwa Apolline. Binti wa Donatien.

Sasa hapa lazima nieleze, maana bila hili hamtaona kwa nini kiti chenye mto kilinigeukia msumari. Apolline ana diploma. Kasenga nzima inajua. Matokeo yalipotoka mwaka jana ni mimi niliyesoma mesaji kwenye simu ya baba yake, ni mimi niliyetangaza sitini na nne kwa mia, na ni mimi niliyefungua kopo la kwanza la poda. Kwetu mtoto akipita mtihani haambiwi hongera kwa mdomo tu. Anamwagiwa poda ya mtoto mchanga kuanzia kichwani, anatembezwa mtaani mweupe kama mkate kabla ya kuingia tanuru, na mtu akishamwagiwa poda, kesi imekwisha. Diploma yenyewe huchelewa miaka, hakuna anayeingojea. Poda ndiyo diploma.

Tangu siku hiyo Apolline huondoka kila asubuhi na begi kwenda chuo. Kuna mapadri wanamlipia, ndivyo alivyowaambia wazazi. Sasa mwanafunzi wa chuo anatafuta nini kwenye mstari wa wasio na diploma?

Aliniona. Nikaona ameniona. Kalamu zikamponyoka, hakuziokota. Akageuka akatoka langoni, kwanza kwa hatua, kisha mbio.

“Huyo anaenda wapi?” Mama Blandine akauliza. “Saa moja na nusu nafunga. Na nikifunga, hata askofu haingii.”

Ilikuwa saa moja na dakika tano.

Nikainuka, chupa bado mkononi. Nawaambia ukweli, kwa kuwa hapa kwenye ukurasa huu ndipo ninapoungamia: sikumfuata kwa huruma. Nilimfuata nimzibe mdomo asiende kusema Kasenga kwamba Papa Onesphore alionekana Luvungi na suruali ya shule.

Nilimkuta nyuma ya soko, mbele ya nyumba ya matofali yenye pazia jekundu mlangoni. Alisimama na kijana mmoja mwenye kravati shingoni aliyeegemea pikipiki. Kijana alikuwa ameshika karte ya Apolline, kadi yake ya mtahiniwa, anajipepea nayo.

“Pitchou, unirudishie karte tu,” Apolline alikuwa anamwambia. “Sitaki tena.”

“Hautaki nini? Weye mwenyewe uliniandikia. Majibu yote iko mule ndani. Unaingia, unaacha simu kwa mulango, unaandika ku mukono, unatoka. Dakika kumi.”

“Niambie hapa.”

“Hapa kuko jua.” Akacheka. “Ingia weye peke yako, dada. Minye nakufuata.”

Sikuwahi kusoma shule kubwa, lakini miaka thelathini ya bandari inatosha kujua mzigo gani hauna karatasi. Nikakohoa.

“Muzee, pita,” Pitchou akasema bila kunitazama. “Siye tuko tunaongea mambo ya jamaa.”

“Jamaa gani anashika karte ya Serikali?”

“Weye ni nani?”

“Inspecteur,” nikasema.

Ndiyo, nilisema. Uongo ulikuwa bado wa moto, haukuwa umekaa hata nusu saa, ningeutupa wa nini?

“Inspecteur wa nini?”

“Wa hiyo unayojipepea nayo.” Nikatoa kijidaftari changu cha marudio, nikalamba kidole, nikafungua ukurasa wa mito ya Kongo. “Jina Pitchou. Jina la baba?”

Aliona shati jeupe. Aliona mvi. Nadhani hata chupa ya Fanta ilisaidia, maana ni wakubwa tu wanaotembea na Fanta asubuhi. Akamrudishia Apolline karte kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Kisha akapiga kick pikipiki, ikakataa. Akapiga tena, ikakataa. Akaisukuma kwa mikono hadi kwenye kona, kravati ikiwa begani.

Nilimgeukia Apolline na hasira yote ya mtu mwema.

“Mtoto wa Donatien. Mtu kama yule unamwaminije? Nani alikufundisha?”

“Weye, Papa.”

“Minye?”

“Mu salle ya parokia. Ulisema mwizi anajulikanaka kwa nguo. Ulisema mwenye kravati amesoma, hawezi kukufanyia mubaya.”

Nilikumbuka. Ilikuwa sehemu ya tatu ya somo, usalama njiani. Bandarini wenye kravati ndio waliokuwa wanasaini, nikaona inafaa kusema.

“Na ile ya kuweka miguu mu beseni ya maji ya baridi ili usilale,” akaendelea, “minye niliifanya. Siku tatu mbele ya mutihani sikulala hata kidogo. Nilifika mbele ya karatasi nikaona maneno inatembea kama muchwa. Na ile ya kusema usimuambie muntu yeyote woga yako, ju woga ni kama mbwa, ukimuita jina anakuya. Sikumuambia muntu. Mbwa alikuya vilevile.”

“Lakini ulipita,” nikasema. “Sitini na nne. Nilisoma mwenyewe.”

Apolline aliniangalia, si kwa hasira. Kwa hasira ningevumilia.

“Papa Onesphore. Sitini na nne ilikuwa mwisho wa kode yangu. Namba ya mutahiniwa. Chini yake iliandikwa échec: nimeanguka.”

Sokoni mtu alikuwa anabishania bei ya mihogo. Nilisikiliza mabishano yale mpaka mwisho, maana sikuwa na pengine pa kuweka masikio.

“Sikuwa na miwani,” nikasema.

Na hilo nalo, wasomaji, ni uongo. Miwani ilikuwa mfukoni. Watu hamsini walinizunguka, na niliona mwenye diploma hapendezi kuvaa miwani mbele ya watu.

“Kwa nini hukusema, mwanangu? Neno moja tu.”

“Kwa nani? Mama alikuwa amekwisha kupiga vigelegele. Baba alikuwa analia. Minye sijawahi kuona baba analia, hata siku ya kuzika mama yake. Na weye ulikuwa unanimwangia poda mpaka mu macho. Nikafunga macho. Nilisema nikifungua, nitasema. Nilipofungua, baba alikuwa amekwisha kuchinja mbuzi.”

“Na chuo?”

“Chuo gani? Nakaaka ku ziwa, kule Kavimvira, mpaka saa nane. Kisha narudia nyumbani na begi. Usiku silali. Nikilala naota poda.” Alikuwa anazungusha karte vidoleni. “Siku ingine niliangalia maji sana, Papa. Si ju ya samaki.”

Nina jibu kwa kila kitu, mnanijua. Ningeweza kumwambia kuhusu mtu wa Makobola aliyemezwa na samaki akatoka na nyavu mpya. Badala yake nilikaa chini kwenye kipande cha mti, suruali ya bluu na vumbi lake.

“Nani mwingine umemwambia hilo la maji?”

“Hakuna. Weye njo wa kwanza.”

“Basi si wa mwisho. Tukimaliza leo tunaenda wote wawili kwa yule masere, mtawa wa kituo cha afya anayesikiliza watu. Minye pia nina mengi ya kumwambia, atahitaji siku mbili.”

“Leo hakuna kumaliza. Nimekimbia. Na weye ni Inspecteur, utaniandika.”

Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu enzi za Zaire. Nilitia mkono mfukoni, nikatoa karte yangu, nikampa.

Aliisoma. Akaangalia picha, akaniangalia mimi. Akasoma tena mwaka wa kuzaliwa, kwa sauti.

“Autodidacte namba kumi na mbili,” akasema. “Minye niko namba kumi na moja.”

“Tuko jirani hata huku.”

“Na kiboko?”

“Kiboko alikuwako. Diploma ndiyo haikuwako.”

Kitu kikamtoka puani, kama kikohozi. Kisha kikawa kicheko. Alicheka akiwa ameshika magoti, mama wa beignets, muuza maandazi wa kando ya njia, akatuchungulia akadhani nimempa mtoto pombe.

“Ulikula asubuhi?” nikamuuliza.

“Hapana.”

“Ulilala?”

“Kidogo.”

Nikamnunulia beignets mbili na kikombe cha bouillie, uji wa moto. Alikula akiwa amesimama. Nilimuuliza yeye, mimi mwalimu wa salle, afanye nini mtu akifika mbele ya karatasi na maneno yakaanza kutembea.

“Naachaka ile ngumu,” akasema. “Naanza na moja yenye najua, hata kama ni ya mwisho. Nikipata moja, mikono inatulia. Hiyo hakuna alinifundisha. Nilijifunza kule ku ziwa, na makaratasi ya mwaka ingine.”

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kupokea shauri badala ya kulitoa. Nililiandika kwenye kijidaftari, chini ya mito ya Kongo.

“Nitakaa mbele yako,” nikamwambia. “Maneno yakianza kutembea, angalia kisogo changu. Sema: muntu mwenye kisogo kama hiki naye anafanya mutihani.”

“Na baba hajui siye tuko huku?”

“Hajui.”

“Alileta pupitre siku ya posho. Nilingoja arudi nyumbani, nikasema naenda kuona shangazi, tantine wa Sange, ndiyo nikakuya. Saa hii iko Kasenga anapiga randa.”

Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu hizo pupitre tano. Nikaufunga. Akijua, atakimbia tena, na safari hii sijui atakimbilia kwa Pitchou au kwenye maji. Nikajiambia ni huruma. Kwa kweli, ukweli nilioanza kuusema robo saa iliyopita ulikuwa umenichosha tayari, sikuwa na mazoezi.

Tulirudi mbio. Mama Blandine alikuwa ameshika komeo.

“Inspecteur, asante kwa kumurudisha. Ingieni.”

“Mama,” nikasema, “kuna kosa dogo kwenye orodha yako. Angalia namba kumi na mbili.”

Akaangalia. Akapitisha kidole kwenye jina mara mbili.

“Huyu ni nani?”

“Huyu ni minye.”

Akageukia kibaraza, akaangalia kiti chenye mto.

“Na Fanta yangu?”

“Nitairudisha.”

“Utairudisha namna gani, Muzee? Umeshaikunywa.”

“Chupa ninayo.”

Akainyakua chupa. Nilidhani atanifungia nje, na angekuwa na haki. Lakini aliangalia Apolline, aliyekuwa na sukari ya beignet mdomoni, akaangalia saa yake.

“Ingia,” akaniambia. “Lakini pupitre ya kumi na mbili haiko. Utasimama ku ukuta mpaka fundi afike. Iko vizuri kwa muntu alikalia kiti yangu na mto.”

Tuliingia kwenye salle. Kijana mmoja wa mbele alinipima kuanzia viatu, akamnong'oneza mwenziwe, lakini salle yote ilisikia:

“Yesu. Inspecteur wamemushusha cheo.”

Apolline alikaa kwenye pupitre yake. Mbele yake palikuwa na nafasi tupu, na mimi nikasimama kwenye nafasi hiyo, karibu na ukuta, kisogo kwake kama nilivyoahidi. Bahasha yenye lakiri ikaonyeshwa kwa wote, ikafunguliwa, karatasi zikagawiwa. Culture générale, maswali ya maarifa ya jumla.

Nilisikia karatasi yake ikigeuzwa. Kisha pumzi fupifupi, kama mtu aliyepanda mlima na ndoo. Sikugeuka, ingekuwa kosa. Nikakikaza kisogo tu. Nikajaribu kukifanya kiwe na huruma, kama kisogo kinaweza.

Karatasi ikageuzwa tena, moja, mbili, hadi mwisho. Ameenda kutafuta anayoijua. Kalamu ikagusa. Ikagusa tena. Baadaye ikaanza kutembea kwa hatua za kawaida, na pumzi ikarudi chini. Mimi sikuwa nimesoma hata swali moja. Karatasi yangu ilikuwa ukutani, chini ya kiganja, na nilikuwa nafurahi kama mtu aliyepasi.

Ndipo gari likaunguruma uani.

Nikasikia mbao zinashushwa. Nikasikia kikohozi ambacho husikia kila asubuhi kupitia ukuta wa nyumba yangu.

“Mama,” sauti ya Donatien ikasema mlangoni, “zile ine za salle ingine nimeweka kwa kibaraza. Hii ya tano inaingia wapi?”

“Polepole, fundi. Watoto wanafanya. Iweke pale, mbele ya yule binti.”

Nyuma yangu kalamu ikasimama.

Donatien aliingia na pupitre kichwani, imepinduliwa, ubao ukiwa umemfunika uso hadi kidevuni. Hakuona mtu. Aliona sakafu tu, na miguu ya watoto, safu baada ya safu. Alitembea akihesabu njia kwa miguu hiyo, na mimi nikakumbuka kitu kimoja: viatu vya Apolline, vile vya kahawia, soli ya kimoja iling'oka wakati wa mvua, na ni Donatien aliyeipigilia kwa misumari yake midogo ya seremala. Misumari ile inaonekana pembeni. Fundi hawezi kupita kazi yake bila kuiangalia.

Safu nne. Safu tatu.

Kama angefika pale akiwa anatazama chini hivyo, mwaka mzima wa binti yake ungeishia mbele ya watu, kalamu mkononi, kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Nilikuwa na miguu miwili na uongo mmoja wa miaka arobaini. Nikaenda nao mbele.

“Dona,” nikasema kwa sauti ya mtu mwenye nyumba. “Leta hapa. Hiyo ni yangu.”

Alisimama. Akaiteremsha pupitre palepale, katikati ya njia, safu mbili kabla ya viatu vile. Akajifuta jasho. Kisha akaniangalia: shati, suruali, karatasi ya mtihani, namba kumi na mbili niliyokuwa nimebandika kifuani. Mwili wangu ulimziba asione nyuma, na kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa tumbo alilonipa.

“Papa Onesphore. Unafanya nini huku?”

“Mutihani.”

“Wa nini? Weye uko na diploma.”

Watoto mia moja na ishirini waliacha kuandika. Mama Blandine aliinua kidole anyamazishe, akakisahau hewani.

“Sina, Dona. Sijawahi kuwa nayo. Kiboko hakumeza kitu.”

Nilitegemea acheke. Kasenga nzima ingecheka juma zima, nami ningekaa ndani, lakini mtoto angemaliza mtihani wake. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya. Kila mtu angeniangalia mimi, hakuna ambaye angeangalia nyuma yangu.

Donatien hakucheka. Ni seremala, hupima kabla ya kukata. Alisimama na mkono juu ya ubao, akifikiri, na nikaona wazo linapanda usoni mwake polepole.

“Kama haukusoma,” akasema, “ile siku ya matokeo, mesaji ya mutoto wangu ulisoma na nini?”

Mama Blandine akapata sauti. “Fundi, toka sasa.”

Hakutoka. Alikuwa anangoja jibu langu, na mimi, ambaye nina jibu kwa kila kitu, nilisikia nyuma yangu ubao wa pupitre ukilia, na misumari midogo ya kiatu ikikwaruza saruji. Mtu alikuwa anasimama.